Dakika Saba

Mimi ndiye karani niliyeipiga chapa karatasi ile.
Mafuriko yalikuwa yamekata barabara ya Jorhat,
umeme umekwenda zake tangu magharibi,
nami naandika kwa mshumaa
kwenye mashine ambayo herufi moja huruka
kama mtu anayeona haya kutaja jina la mkwewe.

Kule ghalani, watu elfu mbili na njaa ya siku tisa.
Mchele uko ndani, kufuli iko nje,
ufunguo uko kwa bwana mmoja aliyeko Guwahati.
Gesi ya machozi imewaishia polisi.
Inspekta Borgohain, kitambaa chenye damu kichwani,
anaipigia simu kelele: jeshi, leteni jeshi!

Na jeshi limekuja.
Malori matatu langoni petu, taa zimezimwa.
La nne limetangulia ghalani, "kutazama tu."
Kapteni Negi, kijana wa milimani, hashuki.
Anauliza jambo moja: karatasi iko wapi?

Husemwa, mgeni njoo, mwenyeji apone.
Lakini huyu ni mgeni mwenye bunduki,
na sheria, inayowajua wageni wa namna hii,
imemlazimisha kupiga hodi:
asiingie mpaka raia amkaribishe,
raia asiye hata na fimbo,
kwa jina lake, kwa wino wake, kwa saa yake.
Akishakaribishwa, namna ya kutenda ni juu yake,
ila atumie nguvu kidogo kadiri iwezekanavyo,
ajeruhi kidogo kadiri iwezekanavyo.
Kifungu hicho nimekipiga chapa miaka ishirini na miwili.
Kidogo. Sijaoneshwa kipimo chake.
Ni kibaba? Ni pishi?

Bi Nirupoma Phukan, hakimu wetu, ana miezi mitano kazini.
Aliisoma mara mbili.
Akaniuliza, bila kuinua macho,
"Mpwa wako yuko kule?"
"Yuko, Bi."
"Ana miaka mingapi?"
"Kumi na saba."
Kalamu ilikuwa imekauka. Akaitikisa.
Akajaribu pembeni, pakatoka mikwaruzo mitupu.
Nikampa yangu.

Hapo ndipo tuliposikia kitu kama ubao umeanguka.
Mbali.
Alikuwa ameshika kalamu juu ya mstari,
au alikuwa ameshatia sahihi, akiinua mkono.
Wallahi sijui. Nilikuwa nautazama mshumaa.

Aliyekufa si mpwa wangu.
Ni Thaneswar, mchukuzi wa kiwanda cha chai,
begani gunia tupu,
limekunjwa vizuri, mara nne.

Mwezi wa pili akaja jaji mstaafu na miwani yake miwili.
Daftari la redio la jeshi: risasi, saa nane na nusu kamili.
Karatasi yetu: sahihi, saa nane na dakika ishirini na sita.
Kila mtu akashusha pumzi. Hodi ilitangulia.
Kapteni aliongeza, kwa adabu, kwamba hata kama isingetangulia,
kipo kifungu cha afisa asiyeweza kumfikia hakimu:
anaweza kutenda peke yake,
mpaka hapo atakapoweza kumfikia.
Toka ghalani mpaka mezani petu ni hatua mia tatu.
Nimezihesabu. Wakati wa mvua ni mia tatu na kumi,
kwa sababu ya dimbwi.

"Saa hii uliiandika wewe?"
"Niliiandika, mheshimiwa. Ilikuwa ya ukutani."
Bi Nirupoma alitazama dirishani.
Borgohain alinitazama mimi.
Wakanipa nakala safi niithibitishe, mstari kwa mstari,
na chai, na biskuti mbili.

Nikathibitisha. Jina, cheo, muhuri, saa ya ukutani.
Kisha nikachukua penseli, na pembezoni,
kwa mwandiko mdogo kadiri ilivyowezekana, nikaandika:
saa ya ofisi hii huchelewa dakika saba.
Tumeizoea.