Nyayo Nilizokutumia

Kwako inakwenda, Tarvo, uliniambia.
Kwangu hukwama saa nane usiku,
hapa Tartu, theluji ikikwangua dirisha,
na maneno yangu hayakutosha kukueleza.

Basi sikueleza. Nilichukua nyayo.
Amri moja kwenye skrini nyeusi:
rekodi kila hatua, kila wito, kila kimya.
Nikafuta nywila, nikafuta jina la mteja,
nikalikunja faili likawa dogo kama punje,
nikabonyeza.

Asubuhi ukajibu kutoka Narva:
"Tazama mstari wa elfu nne mia moja na kumi na mbili.
Nyuzi mbili zimekutana mlangoni.
Huu wasema tangulia,
ule wasema hapana, tangulia wewe,
adabu imezigandisha zote mbili."

Nilicheka peke yangu, kahawa ikamwagika.
Kumbe maradhi ya programu yetu
ni heshima kupita kiasi.

Halafu, chini kabisa, ukaongeza:
"Leelo, nyakati nazo nimeziona.
Umeiendesha mara thelathini na saba,
ya mwisho saa kumi na moja alfajiri.
Hitilafu hiyo siwezi kuitengeneza nikiwa huku.
Kalale."