Mkanda wa Babu Sleyum

Fundi wa ngozi, sokoni Nizwa,
kaupima mkanda wa babu, kakipima kiuno changu,
kisha akasema kwa adabu:
"Ngozi hurudi ikizeeka. Imerudi shubiri mbili."
Hakucheka. Ndipo nilipochomeka.

Msidhani babu alijinyima.
Wali kwa samli alikula, na halua,
tende hazikumtoka mkononi.
Lakini zamu yake ya maji ya falaji
aliifuata usiku wa manane, kwa miguu, jembe begani,
na mitende yake akiipanda mwenyewe kuangua.

Mimi huwasha gari kwenda msikitini,
na msikiti nauona dirishani.
Nikirudi, napiga honi mbele ya mkahawa:
Biju huja mbio na chai ya karaki, sukari tele,
hata kioo sijakishusha.
Biju ni mwembamba.

Nyumbani bibi Zuwena ananiongezea sahani:
"Kula, mjukuu wangu, ushakonda."

Ijumaa ni harusi.
Watu watatazama jambia, fedha inavyometa.
Kiraka cha ngozi mpya kiko nyuma,
pale pale mgongoni
babu alipobebea majani ya ng'ombe.