Maji ya Kwanza

Zilikuja na kirikuu kutoka Bunju, Jumanne saa nne,
zimekunjwa kama mikeka ya wageni walioaga,
vipande mia mbili na arobaini,
udongo ukidondoka njia nzima.
Jua la Februari hapa Salasala halina adabu:
halibishi hodi, linaingia na viatu.

"Ndahani," akasema Mama Subilaga,
"kufikia Pasaka nataka niketi hapa
nione kijani mpaka ukutani."
Kwao ni Tukuyu. Kwao nyasi hukufuata hadi mlangoni
na mvua haiulizi huu ni mwezi gani.
Mimi kwetu Bahi.
Kwetu mtu akimwaga maji
wakubwa kwa watoto wanageuka
kutazama pale yalipoangukia.

Basi nikampa masharti, yeye kitini, mimi na mpira mkononi.
Siku kumi na nne mtu asikanyage. Hata paka.
Tunamwagilia kabla mwadhini hajasafisha koo,
tunarudia alasiri, usiku hapana:
zikilala mbichi zitaamka na ukungu.
Na tusidanganyane na haba na haba.
Haba na haba huosha majani tu,
mizizi inabaki kusikia habari za maji
kama za harusi ya jirani.
Mwaga mpaka kidole kizame hadi pingili ya pili
na kirudi na tope.

Kwenye maungio ndiko zinakofia.
Kipande kikimkataa mwenzake kingo hujikunja
kama mdomo wa mtu aliyenyimwa.
Pale nilijaza mchanga kwa kiganja,
magoti chini, kama anayetafuta hereni.

Siku ya tano bomba likakohoa, likatema upepo.
Likaja boza, lita elfu tano,
dereva akaandika bei kwa kidole
kwenye vumbi la mlango wa gari.
Nje ya geti ndoo zilikuwa zimepanga foleni, zinatutazama.
Ndoo hazina macho, najua.
Nilimwagilia nikiwa nimezipa mgongo.

Lakini mpira una tabia yake.
Ukilala juani, maji ya kwanza hutoka yanaunguza,
chai isiyo na majani.
Ukiyapeleka kwenye nyasi unazipika.
Sharti yatoke kwanza, nusu ndoo, ndoo nzima,
mpaka mkono ukubali.
Nilikuwa nayamwaga kwenye msingi
hadi Mwanahija, muuza vitumbua wa nyumba ya pili,
akachungulia juu ya ukuta, salamu hakuna:
"Hayo unayotupa, mie naogeshea mtoto."

Kesho yake nikauanika mpira wote, mita hamsini,
nikaulaza kwa makusudi juu ya zege.
Zikajaa ndoo mbili. Keshokutwa tatu.
Mama Subilaga akatoka na kanga begani.
"Mbona siku hizi maji ya kwanza yamekuwa mengi?"
"Jua limezidi, mama."
Akazitazama ndoo. Akalitazama geti.
Akaugusa mpira kwa kidole cha mguu, akaurudisha haraka.
"Basi kanunue mwingine, tuunge,"
akasema, akaingia ndani.

Leo ni siku ya kumi na tatu.
Kipande kimoja karibu na geti kimegeuka njano,
pale ndoo zinapotuliwa.
Amekiona. Hajasema kitu.
Mimi nimechuchumaa katikati, jua bado halijapanda,
nimeshika pembe ya kipande kingine kwa vidole viwili,
nikainua taratibu, kama unavyoinua shuka
kumwangalia mgonjwa.
Chini yake nyuzi nyeupe, changa,
nyembamba kuliko uzi wa kushonea vifungo,
zimeukamata mchanga wa Salasala.
Nikavuta.
Kikanivuta.
Nikakiachia.
Imebaki siku moja ya kutokanyaga.