Duka la Darasa la Pili B

Visoda mia mbili na kumi na sita.
Nimeviokota mwenyewe, wiki mbili nzima,
nyuma ya baa moja pale Chumbageni,
nimeinama na ushungi wangu, wapita njia wakinitazama
kama mke aliyedondosha pete.
Nikaviosha kwa magadi, nikaviandika kwa rangi ya kucha:
hiki hamsini, hiki mia, hiki mia mbili.
Noti tulichora. Twiga wa Shemhilu
katoka na miguu mitano;
tukapiga kura, ikawa elfu kumi halali.

Kwanza hadithi. Paukwa!
Pakawa, wakaitika, hadi mwalimu wa jirani akagonga ukuta.
Kuku wa Makorora alitaga yai kila siku,
akaliuza, akanunua pipi ya kijiti.
Mvua ikaja, banda likavuja,
akaenda kwa Bata kuomba makuti.
“Yai la jana liko wapi?” Bata akamuuliza.
“Nimelimumunya.”

Nikangoja wacheke.
Mbwana akanyoosha kidole.
“Huyo kuku ana watoto wangapi?”
Watoto sikuwa nimewapanga.
“Maana mama anauza kashata, haweki.
Anauza, tunakula.”

Nyuma yangu ubaoni, kwa chaki nyekundu,
AKIBA HAIOZI.
Nilitamani kuifuta kwa mkono.

Basi tukafungua duka.
Meza mbili, maboksi matupu ya majani ya chai,
mizani ya vifuu na kamba ya katani,
mchanga ndio sukari, mchanga ndio chumvi,
usiulize tofauti, bei ndiyo tofauti.
Muuzaji, Zulekha,
ambaye baba yake ana duka barabara ya kumi na nne.
Hakuhitaji kufundishwa. Akaegemeza kidevu kiganjani,
akamwambia mteja wa kwanza,
“Chenji sina, chukua kiberiti.”
Shemhilu akapiga kelele: kiberiti hakiliki!
Wakabishana, wakahesabu, wakarudishiana hamsini,
na mimi nikajisemea moyoni, leo somo limeingia.

Nikajitia mteja.
“Nipimie sukari robo.”
Zulekha akafungua daftari, akalamba kidole.
“Mwalimu Mwanamkuu. Mchele kilo mbili,
mafuta ya taa, sabuni nusu mche,
tangu mfunguo mosi.
Elfu saba na mia tatu.”

Hakuwa anaigiza.

Vichwa arobaini na nane vikanigeukia.
Shemhilu mdomo wazi. Kengele ikalia,
au masikio yangu.
Iko methali ya kukopa na kulipa, ya harusi na matanga;
imo kwenye andalio langu la somo, ukurasa wa pili.
Sikuisoma. Ilikuwa imeshavaa viatu vyangu.

“Kweli,” nikasema. “Nadaiwa.”

Nikamwaga visoda vyote sakafuni.
Mwalimu akilipa mia tano kila Ijumaa,
Ijumaa ngapi?
Wakapiga magoti. Vumbi, viwiko, mtu kaketi juu ya mia mbili.
Walihesabu kama wanaosaka chawa,
kwa huruma na kwa ukali.
Mafungu kumi na tano,
la mwisho pungufu, visoda vitatu vya mia.
“Ijumaa ya mwisho utabakiwa na mia mbili,” Zulekha akasema.
“Ununue pipi,” akadakia mmoja.
“Asinunue!” wakamzomea wote.

Saa sita wakatawanyika.
Mbwana akabaki, anapanga maboksi ambayo yalikwishapangwa.
Kisha akafumbua ngumi:
mia ya kweli, ya moto, inanuka ufuta.
Nikaanza kumwambia hapana mwanangu, mpelekee mama,
na mkono wangu uko tayari kuifunga ile ngumi.

“Sikupi, mwalimu,” akasema. “Nakukopesha.”
Akanisogezea daftari la duka
na kipande cha penseli alichokitafuna.
“Niandike.”

Nikamwandika.