Nasoma Migongo

Kutaisi, Februari. Jiko la kuni limekohoa moshi tangu asubuhi.
Mimi hufundisha nikiwa nyuma ya darasa:
nyuso zimeshajua kunidanganya,
migongo bado.

Mgongo wa Mzia umenyooka kama uzi wa timazi;
sehemu zimemwelea, hata kisigino kinacheza.
Vazha amejikunja, kidevu juu ya daftari,
mkono umelizingira jibu
kama mtu anayekinga kibiriti upepo usikizime.
Nilidhani anaogopa kuibiwa.
Kumbe anaficha karatasi tupu.

Sikumwambia, "Kaa wima."
Mimi niliambiwa hivyo miaka minane, kwa rula;
nikakaa wima, na hofu ikakaa wima nami.

Nikavuta kigoda, nikajikunja kando yake,
mabega yangu chini ya yake.
Akatoa mkate wa jibini aliofungiwa na bibi yake.
Tukaukata: nusu, robo, thumuni.
Makombo yakaliangukia swali la tatu.

Hakusema ameelewa.
Ila koti lilipanda kidogo mabegani,
shingo ikachomoza,
na mkono ule, taratibu,
ukabanduka juu ya karatasi.

Swali la nne, akajikunja tena.
Kigoda sijakirudisha.