Chini ya Fundo

Kata chini ya fundo, si juu yake,
kimshazari, kwa wembe uliopitishwa motoni,
maana hapo penye uvimbe ndipo mizizi hulala
ikisubiri kuambiwa kwamba mama hayupo.

Lakini kwanza uibe.
Hapa Lom, ukingoni mwa Danube,
hilo halifundishwi, mtu hulinyonya.
Mushkato uliopewa, ukatamka ahsante, huoza.
Wa wizi hushika.

Wangu niliuiba Juni, siku ya soko,
kapu la cheri mkono wa kushoto,
wa kulia ukapenya vyuma vya ngazi
hadi chungu cha Radka Vutova wa ghorofa ya tatu:
mwekundu wa kuiva, mweusi kidogo kwenye mikunjo,
petali juu ya petali kama sketi za harusi.
Pingili moja tu, urefu wa kidole cha kati.
Nikaifukia katikati ya cheri,
nikapanda ghorofa mbili zilizobaki kama mtu mwema.

Hatukuwa tukisemezana.
Bomba langu lilivuja, dari lake likachorwa ramani,
yeye akasema neno, mimi nikasema mawili,
ikapita miaka kumi na moja.

Jikoni nikaivua majani ya chini.
Vichwa viwili vya maua nikavinyofoa bila huruma:
ua hula chakula cha mzizi,
hakuna mwanamke wa jengo hili asiyejua.
Nikailaza mezani asubuhi hadi jioni, kidonda kikauke,
kisha mchanga wa mtoni, udongo nusu,
kopo la mtindi lililotobolewa kwa msumari wa moto.
Vidole vikanuka mushkato siku mbili,
harufu ile ile ya mama akisokota jani
anitie sikioni, usiku wa maumivu.
Wiki tatu sikuigusa.
Ya nne nikaivuta kidogo,
nayo ikanivuta.

Januari ile mto ulibeba barafu.
Radka alikuwa hospitali, Vratsa, nyonga imevunjika,
na vyungu vyake vyote vimesahauliwa roshani.
Niliviona nikijinyonga dirishani:
mashina kama mboga iliyochemshwa,
kisha meusi,
kisha si kitu.
Ningeviingiza ndani, ila ufunguo sina.
Niliwahi kuwa nao. Niliurudisha kwa kuutupa mlangoni pake.

Machi akarudi na fimbo.
Wangu wakati huo umeshakuwa kichaka,
pazia halifungi. Nikaushusha hadi kwenye kituo cha ngazi,
kati ya ghorofa ya pili na ya tatu.
“Upate jua,” nikamweleza postamasta, ambaye hakuuliza.
Tawi nono kuliko yote
nikaligeuza litokeze nje ya vyuma,
usawa wa mkono wa mtu asiyeweza kuinama.

Usiku huo nikakaa gizani juu ya ngazi,
sapatu mkononi, mwanamke wa miaka sitini na nane.
Fimbo. Fimbo.
Kimya kirefu.
Fimbo.

Asubuhi nikakagua:
kimshazari, chini ya fundo, kidonda safi.
Alikuja na wembe mfukoni, basi.
Alikuwa amepanga.
Nikacheka hadi nikashika ukuta.
Na lile fundo langu la kifuani sikulikata,
nikaliacha palepale nione litatoa nini.

Mei, ghorofa ya tatu, kwenye kopo la zeituni,
doa moja jekundu.
Sijalisifu. Yeye hajaniambia ahsante,
na asije akathubutu.

Ila jana tulikutana ngazini, yeye anashuka,
mimi nimeshika birika juu ya chungu changu.
Akasimama. Akautazama udongo.
“Unaumwagia mno,” akasema.

“Najua,” nikasema,
nikaendelea kumwaga.