Chuma cha Kitanda

Gari liko juu ya mawe manne nyuma ya jikoni, Lanet,
pua juu, matako chini, kama jogoo aliyesahau kuwika.
Halikutoka kiwandani. Lilitoka sandukuni,
sanduku la mbao lenye karatasi ya maelekezo
ambayo panya waliisoma kabla yetu.
Baba alilinunua kwa mshahara wa karakana ya reli
mwaka ule mlowezi wa Solai aliuza hata mabirika yake.
Likaja kwa mkokoteni wa punda, kipande kwa kipande.
Mama akauliza, "Gari lenyewe liko wapi?"
"Ndilo hilo. Limelala tu."

Likaamka siku moja. Silinda nane, bila boneti,
injini uchi mbele za watu,
na kuku wa mtaa mzima wakagoma kutaga.
Alipanda nalo Menengai mara mbili.
Mara ya pili lilirudi limejikunja ubavu,
milango haifungi, Baba haongei.
Akalifunika turubai. Turubai likamzidi umri.

Mimi nina Jumamosi, na Jumapili baada ya ibada,
na mashine ya kuchomea inayokula tokeni za stima
kama fisi aliyealikwa arusini.
Mama Kwamboka wa jirani hugonga sufuria ukutani
kila grenda inapolia. Tumezoeana.
Siku za mvua hupitisha chai juu ya ua.
Nekoye, kitindamimba wangu, ndiye mwenye kamba na chaki.
Anavuta kamba pembe hadi pembe,
anarudia upande wa pili, anakunja uso:
"Imezidi milimita kumi na moja.
Babu alikuwa anapima kwa nini?"
Kwa shubiri, nikamwambia. Kwa shubiri na matumaini.

Nguvu si unene wa chuma.
Ningelijaza zege lingekuwa zito tu.
Nguvu ni pembetatu: kipande kidogo kikiegemea viwili
pale ambapo viwili vinatamani kuachana.
Basi tunapiga doa hapa, doa kule, tunangoja kipoe,
maana chuma cha haraka hujipinda chenyewe.

Ndipo, mwezi wa saba, nikakata mhimili wa kushoto
nyuma ya giaboksi,
na ndani ya chuma kukawa na chuma kingine:
chuma cha pembe, kijani cha hospitali,
matundu ya springi yamejipanga kama meno ya maziwa.
Nikazima grenda. Nikakaa vumbini.

Kitanda.
Kitanda cha arusi cha Mama, tulichoambiwa kiliibwa
usiku mmoja tukiwa wadogo.
Miaka saba alilala mkekani
akisema mgongo wake unapenda sakafu.

Nikampigia, Chwele. Alinyamaza
hadi nikadhani salio limekwisha.
"Nilijua," akasema.
"Mwizi gani abebe kitanda aache godoro?"
Kisha, polepole: "Kilishika?"
Kutu ilikuwa imekila hadi kikawa karatasi,
kidole changu kilipenya.
"Kilishika, Mama."
"Muongo kama yeye. Kikate.
Huruma haishiki nati."

Nikakikata.

Bomba jipya la mraba lilifika Jumatano,
mita sita, za mhimili wa kushoto.
Nekoye akalipima mara mbili, akaniangalia,
akalipima mara ya tatu kwa vipimo vingine.
Sikusema kitu. Nilivaa miwani ya kuchomea.

Gari bado liko juu ya mawe, ubavu wazi,
nyaya zinaning'inia, mvua inakuja.
Barazani, rangi nyekundu ya kuzuia kutu haijakauka,
kimesimama kitanda, futi nne kwa sita,
na pembetatu kila kona.
Nekoye amekirukia mara tatu na viatu vyake vya shule.
Hakikulia.